Anayetibu Nafsi Naye Asome

Hivi karibuni tulimzuru mama mmoja wa mjini kwetu ambaye mwanawe, kijana wa miaka 19, alikuwa amejaribu kuitoa roho yake. Alhamdulillahi, aliokolewa. Siku chache baadaye alipelekwa kwa mshauri nasaha. Mama huyo alitueleza mambo mawili yaliyomkaa moyoni. La kwanza, mshauri alimpa kijana karatasi atie sahihi ya kwamba hatajidhuru tena, kisha akamruhusu aende zake. La pili, alimnong'oneza mama asimwambie mtu yeyote, kwani kijana angeweza kukamatwa na polisi. Mama akarejea nyumbani na karatasi mkobani na hofu kifuani, asijue la kufanya usiku utakapoingia.

Hatusemi kwamba mshauri yule alikosa huruma. Alikosa elimu ya leo. Karatasi aliyoitumia imekwisha kuachwa na wataalamu wengi, na sheria aliyoiogopa ilikuwa imekwisha kutenguliwa mahakamani. Aliyasema yale aliyofundishwa zamani, na mwenye kubeba mzigo wa elimu iliyochakaa alikuwa mama.

Twaona basi ni wajibu kulizungumza jambo ambalo aghalabu huachiwa wataalamu wenyewe. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanapaswa kuendelea kusoma baada ya kupata shahada, nasi tuna haki ya kuwauliza kama wanasoma. Katika jimbo la California, Marekani, mwanasaikolojia hahuishiwi leseni yake ila awe amekamilisha saa 36 za masomo ya ziada katika kila miaka 2. Hapa kwetu, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda Bodi yenye kazi ya kuwasajili na kuwapa leseni wanaofanya kazi hii. Lakini leseni ni mlango tu. Tunachokitaka sisi wenye wagonjwa ni kujua kilichomo ndani ya nyumba, na hicho twakitazama katika mambo matatu: sheria, usalama na tiba.

Tuanze na sheria. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na adhabu yake iliweza kufika kifungo cha miaka 2. Aliyeokoka aliweza kutolewa hospitalini akapelekwa mahakamani. Matokeo yake yalikuwa kwamba familia zilificha, na aliyefichwa hakutibiwa. Mnamo Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Katika dini yetu uzito wa kitendo chenyewe haukubadilika, na hukumu ile haikusudii kukihalalisha. Ilisema tu kwamba mtu aliyefikishwa hapo na maradhi au dhiki ahitaji tabibu, si pingu. Mshauri asiyeijua hukumu hii ataendelea kuzitisha familia zilizokuja kwake kutafuta faraja.

Sheria hugusa pia siri. Wazee wetu walisema nyumba husitiri mambo, na mwenye kumfungulia mtaalamu mlango wa mambo yake amempa amana. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalimpa mgonjwa haki ya kutunziwa siri na kushirikishwa katika maamuzi ya tiba yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo imeziweka habari za afya katika zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Maana yake ni kwamba maelezo ya binti yako hayapasi kukaa katika simu isiyo na kufuli, wala kutumwa katika kundi la WhatsApp, wala kutajwa arusini hata bila jina. Katika miji yetu, ambamo ukoo mmoja umeenea mitaa mitatu, kutaja mtaa na umri peke yake ni kama kutaja jina. Yamkini mshauri mwenyewe akawa ni ndugu wa mume wa anayelalamika. Mtaalamu aliyesoma atalisema hilo mapema na kumwelekeza mama kwa mtu mwingine.

Hata hivyo, siri ina mpaka. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mwanafunzi mmoja alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumwua binti fulani. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo. Walimzuia kijana kwa muda mfupi, wakamwona ana akili timamu, wakamwachilia. Hapakuwa na mtu aliyemwonya binti huyo, Tatiana Tarasoff, wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo aliuawa. Wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu anayejua, au anayepaswa kujua, kuwa mgonjwa wake ni hatari kwa mtu mwingine, ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda mtu huyo.

Hukumu ya California haitawali Kenya, lakini swali lake limo majumbani mwetu. Je, mshauri afanye nini mume anapomwambia faraghani kwamba atamdhuru mkewe? Afanye nini mtoto wa miaka 11 anapomfichulia kwamba jamaa wa nyumbani anamgusa vibaya, kisha akamsihi asiseme? Majibu hayapatikani kwa kubahatisha saa ile ile. Hupatikana kwa kusoma, kufanya mazoezi na kushauriana na wenzake kabla ya siku hiyo kufika. Mtaalamu mwema humwambia mteja tangu kikao cha kwanza ni lipi atakalolifunga kifuani na ni lipi atakalolazimika kulisema ili kuokoa uhai au kumlinda mtoto.

Jambo la pili ni usalama, na hapa twarudi kwa kijana wetu na karatasi yake. Zamani ilikuwa desturi kumtaka mgonjwa aahidi kwa maandishi kwamba hatajidhuru. Haikupatikana hoja madhubuti kuwa ahadi hiyo huzuia mauti. Aghalabu humpa utulivu aliyeidai, huku aliyeitia sahihi akibaki na giza lake. Mahali pake pamechukuliwa na mpango wa usalama, uliopangwa na wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Mgonjwa na mshauri huandika pamoja dalili zinazomjia kabla ya hatari, mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe ili yapite, watu na mahali pa kumwondolea upweke, jamaa wa kumwomba msaada, wataalamu wa kuwapigia simu, na vitu vya kuondolewa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani, ulionyesha kwamba waliopewa mpango huo na kufuatiliwa kwa simu walipatikana na matukio ya kujidhuru yaliyopungua kwa takriban nusu katika miezi 6, wakilinganishwa na waliopewa huduma ya kawaida.

Tazameni tofauti yake, ndugu zetu. Ahadi humwacha mgonjwa peke yake na neno lake. Mpango humpa mama kazi ya kufanya usiku ule: kukaa karibu, kuondoa vitu vya hatari, kujua nani wa kuitwa. Wala wazo la kujiwekea akiba kabla ya dhiki si geni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi. Humo alishauri kwamba kama mtu awekavyo dawa nyumbani angali mzima, vivyo hivyo ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu, zimfae nafsi itakaposhikwa.

Jambo la tatu ni tiba. Ziko tiba zilizosifiwa kisha zikaachwa. Baada ya ajali kubwa, palikuwa na desturi ya kuwakusanya walionusurika mara moja na kumtaka kila mmoja asimulie kwa urefu yaliyompata. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya kiwewe, na baadhi ya watu huweza kuzidishiwa. Leo hushauriwa tuanze na chakula, usalama, kuwakutanisha watu na jamaa zao, na kumsikiliza anayetaka kusema bila ya kumlazimisha asiyetaka. Sisi watu wa Pwani, tunaokumbuka msiba wa feri ya Mtongwe wa Aprili 1994, twajua thamani ya kujua la kufanya asubuhi ya kwanza.

Ziko pia tiba mpya zilizothibiti. Shirika la Afya Duniani lilitunga utaratibu wa vikao 5 unaoweza kuendeshwa na watu wasio wanasaikolojia, mradi wafundishwe na kusimamiwa. Ulijaribiwa kwa wanawake 421 katika viunga vya Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliohudumiwa na wahudumu wa afya wa mitaani waliofundishwa walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Hili lina bishara kwa wilaya zetu ambazo wataalamu ni wachache. Kwa upande mwingine, ziko tiba zinazovuma kabla ya kukamilika. Mwezi wa Agosti 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha matumizi ya MDMA, dawa inayolevya, katika kutibu kiwewe, ikataka utafiti zaidi. Mshauri anayesoma ataweza kumweleza kijana aliyeyaona hayo katika simu yake lipi ni tiba na lipi bado ni tetesi.

Basi tunapompeleka mgonjwa wetu, tuulize kwa adabu, kwani kuuliza si ujinga. Je, umesajiliwa na Bodi, na leseni yako ni ya mwaka huu? Umehudhuria mafunzo gani hivi karibuni, na nani anayekusimamia? Siri zetu utazihifadhi vipi, na ni lipi utakalolazimika kulisema? Hali ikizidi usiku, tufanye nini? Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Atafurahi kwamba amepata familia iliyo macho. Na dharura ikitokea kabla ya miadi, tusingoje: mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu, au tupige simu bila malipo nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na kwa habari za watoto nambari 116.

Yule mama tuliyemtaja alimpata mshauri mwingine. Karatasi ya pili ina maandishi ya kijana mwenyewe, na jina la mjomba wake, na la rafiki yake wa madrasa, na imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Mama ametuambia kwamba usiku sasa analala. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tusifiche, wala tusimwamini kila mwenye cheti bila ya kumuuliza. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na awazidishie elimu wanaowahudumia. Amin.