Je, Majina Yahitaji Ukoo?

Hapa Kigali mahali pawili paitwa Nyakabanda. Pa kwanza ni sekta katika Wilaya ya Nyarugenge. Pa pili ni akagari, yaani sehemu ya sekta, hapa kwetu Niboye katika Wilaya ya Kicukiro. Mgeni asipotaja wilaya, dereva aweza kumfikisha upande mwingine wa mji. Ndiyo sababu njia zetu zina herufi mbele ya nambari: KK ni Kicukiro, KN ni Nyarugenge, KG ni Gasabo. Ukisema "15" hujasema kitu. Ukisema "KK 15" umeeleweka.

Jambo kama hili limewagawanya wataalamu wa kompyuta tangu mwaka 1999. Iko lugha iitwayo XML, iliyokubaliwa na shirika la W3C mwezi wa Februari 1998. Kazi yake ni kutia alama katika maandishi, ili kompyuta itambue kila sehemu ni nini. Alama hizo mwandishi hujichagulia mwenyewe.

Tuseme maktaba ya shule ina orodha ya vitabu, na ofisi ina orodha ya wanafunzi. Zote mbili zatumia alama "anwani". Kwa mtunza maktaba, anwani ni jina la kitabu. Kwa karani, ni mahali akaapo mwanafunzi. Siku orodha hizo zitakapounganishwa, kompyuta yaweza kutuma barua ya mzazi kwenye jina la kitabu! Basi mwezi wa Januari 1999 W3C ilitoa kanuni ya kulipa kila jina ukoo wake, kama hivi: kitabu:anwani na mtu:anwani.

Wako wasemao ya kwamba dawa hii imekuwa chungu kuliko ugonjwa, nao wana hoja. Kwanza, neno lile la mbele ni kifupisho tu. Ukoo wenyewe hutajwa kwa maneno marefu yaliyo kama anwani ya mtandao, mfano http://www.w3.org/1999/xhtml, wala si lazima pawe na kitu huko. Mwanafunzi huudhani mlango, kumbe ni jina tu. Pili, kifupisho kimoja chaweza kuwa na maana mbili katika hati mbili. Ukihamisha kipande cha hati bila tamko la ukoo wake, maana yapotea. Tatu, mwenye orodha moja tu hubebeshwa mzigo usio wake.

Tena HTML5, lugha ya kurasa za mtandao iliyokubaliwa na W3C mwaka 2014, haimdai mwandishi vifupisho hivyo. Akiweka mchoro wa aina ya SVG, kivinjari chautambua chenyewe. Lakini tuangalie vema: hayo yawezekana kwa kuwa koo zinazoruhusiwa humo ni chache, nazo zajulikana mapema.

Kwa maoni yangu, kosa si kuyapa majina ukoo, bali kuwadai watu wote ukoo kila mara. Ndani ya Niboye, jirani akisema "Nyakabanda" haulizwi wilaya. Swali huja wageni wanapokutana. Basi anayetunga lugha ya alama na ajiulize kwanza: je, maandishi haya yatakutana na ya wengine? Kama ndiyo, avumilie herufi mbili za mbele. Kama sivyo, asijitwike mzigo.