Ndizi ya Kupika, Ndizi ya Pombe

Mgeni akiingia kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha Ijumbi, wilayani Muleba, Uhayani, huona migomba imesongamana na mibuni, basi. Mwenyeji huona makundi: ebitoke, yaani ndizi za kupika, embile za pombe, nkonjwa za kuchoma, na zile za kuiva ambazo watoto hawazisubiri. Ndani ya kundi la kwanza majina ni mengi: nshakala, nyoya, nchoncho, njubo.

Kitoke na embile zikiwa mgombani, asiyezaliwa Uhayani atazichanganya. Dawa ni kisu. Ikate ndizi mbichi katikati: embile hutoa ute wa kahawia ndani ya nyama yake, na ukithubutu kuionja, ulimi unakakamaa. Hiyo ni tanini. Ndiyo maana haipikwi. Huivishwa, ikakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, ikachanganywa na mtama uliokaangwa, ikawa olubisi, yaani pombe ya ndizi.

Mwaka 1955, Norman Simmonds na Kenneth Shepherd walizipanga ndizi kwa ukoo. Walieleza kwamba karibu zote tunazokula zinatokana na mimea miwili ya mwituni ya Asia, wakaipa herufi A na B, kisha wakatumia sifa 15 za mgomba, tangu madoa ya shina hadi umbo la ua, kukadiria kila aina imerithi nini na kwa nani. Kwa kipimo hicho ebitoke na embile ni kitu kimoja: zote ni AAA, yaani urithi wao wote ni wa A. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa ndizi hizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki huenda zilitokana na mgomba mmoja tu, uliozaana kwa machipukizi na kubadilika kidogo kidogo. Kisubi, ambayo nayo ni ya pombe, ni ya ukoo mwingine kabisa: ina B.

Je, mkulima amekosea? Hata Linnaeus, baba wa uainishaji wa viumbe, alizigawa ndizi kwa jinsi zinavyoliwa: alikuwa na jina moja la ndizi za kupikwa, jingine la ndizi za kuliwa mbivu, akidhani ni spishi mbili. Baadaye ikajulikana kwamba zote mbili ni chotara wa A na B.

Akili nayo ina namna yake ya kupanga. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Eleanor Rosch, alionyesha kuwa kundi akilini halina ukuta. Lina mfano wake bora, na vingine hukaa karibu au mbali nao. Kwa Wamarekani aliowahoji, ndege mdogo wa bustanini alikuwa ndege zaidi kuliko pengwini. Ukisema “ndizi” London, watu watafikiria tunda la manjano. Ukisema Ijumbi, watafikiria sufuria na maharage.

Mpango wa ukoo una kazi yake, na kazi hiyo si ndogo. Ugonjwa wa Panama, unaosababishwa na kuvu wa udongoni, huua kisubi lakini embile iliyo jirani yake husalimika, ingawa zote ni za pombe. Hilo kisu cha jikoni hakiwezi kulitabiri. Lakini herufi AAA nazo haziwezi kumwambia mama wa Ijumbi ipi apike na ipi akamue.