Kalemie: "Uke", "uchi", "kata", maneno ya aikido yanayochekesha kwa Kiswahili

Kijana wa Kalemie anayeingia kwenye mazoezi ya aikido kwa mara ya kwanza anaweza kushtuka kabla hata hajashikwa mkono. Mwalimu anawapanga wanafunzi wawili wawili na kusema mmoja awe "uke". Kisha anataja pigo linaloitwa "shomen-uchi". Kwa msemaji wa Kiswahili, neno la kwanza ni la maumbile ya mwanamke, na la pili linaishia kwenye utupu. Wavulana wanacheka. Kama kuna wasichana kwenye mstari, wao ndio wanaoinamisha kichwa.

Hakuna tusi hapo, ni Kijapani. "Uke" linatokana na kitenzi chenye maana ya kupokea. Ni yule anayeshambulia, kisha anapokea mbinu ya mwenzake na kuanguka. "Shomen" ni upande wa mbele na "uchi" ni pigo. Hivyo shomen-uchi ni pigo linaloshuka kutoka juu hadi kichwani, kwa mbele.

Jambo hili linaonekana dogo. Lakini katika mchezo ambao karibu kila amri hutolewa kwa Kijapani, neno lisiloelezwa linaweza kumfukuza mwanafunzi mpya, au kumletea maumivu.

Neno ni breki

Aikido iliundwa na Morihei Ueshiba, Mjapani aliyezaliwa Tanabe mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Jina lenyewe lilianza kutumika rasmi mwaka 1942. "Ai" ni kupatana au kuungana, "ki" ni nguvu ya ndani ya mtu, na "do" ni njia.

Tofauti na judo au karate, mitindo mingi ya aikido haina mashindano. Wawili wanafanya zoezi kwa zamu. Mmoja anashambulia, na mwingine, anayeitwa "tori" au "nage", anageuza nguvu ya shambulio, anashika mkono na kumwangusha mwenzake au kumbana chini.

Kwa kuwa mbinu nyingi hukunja viungo vya mkono, kusikia vizuri ni usalama. "Hajime" maana yake anza. "Yame" maana yake acha. Anayeona maumivu yamezidi hupiga kiganja chini, au kwenye mwili wa mwenzake, na mwenzake anapaswa kuachia mara moja. Katika judo kuna pia neno la kujisalimisha, "maitta", yaani nimeshindwa.

Neno lingine la kujua mapema ni "ukemi", ujuzi wa kuanguka bila kuumia. "Mae ukemi" ni kuanguka kwa mbele, "ushiro ukemi" ni kwa nyuma. Mwanafunzi anajifunza kuviringika kama mpira, kidevu kikiwa kimeingizwa kifuani ili kichwa kisigonge chini. Mahali ambapo hakuna tatami, yaani mikeka minene ya mazoezi, na watu wanajizoeza juu ya mchanga, majani au simenti, ukemi ndio somo la kwanza. Kumtupa mwenzako kunaweza kungoja.

Mtoto wa Bukavu kule Rio

Wakongomani wanaijua nguvu ya maneno haya kupitia judo. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alikimbia vita akiwa mtoto, akafikishwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Brazil kwa mashindano ya dunia ya judo mjini Rio de Janeiro. Hakurudi. Aliomba hifadhi pamoja na mwenzake Yolande Mabika, naye pia wa Bukavu.

Agosti 2016 wote wawili walishiriki Michezo ya Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India katika pambano lake la kwanza, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini.

Walikuwa katika nchi ya Kireno, mbali na Kiswahili na Kifaransa. Lakini juu ya tatami refa wa judo husema "hajime", "matte" na "ippon" popote duniani. Aliyejifunza maneno hayo Kinshasa hahitaji mkalimani akifika Rio. Ndiyo sababu walimu wengi hawataki kuyatafsiri. Wanachopaswa kufanya ni kuyaeleza.

Kifaransa kinakwama, Kiswahili kinapita

Nchini Congo masomo mengi ya shule hutolewa kwa Kifaransa, na Mkongomani anayetafuta kitabu cha aikido hupata kwanza kile cha Kifaransa. Hapo matamshi yanaanza kuharibika. Wafaransa huandika "aïkido" kwa nukta mbili juu ya "i", kwani bila nukta "ai" ingesomwa "e". Herufi "h" ya "hajime" na "hakama", ile suruali pana kama sketi, humezwa. Na "nage", neno la kutupa, ukilisoma kwa Kifaransa linakuwa "kuogelea". Kwa wakaaji wa mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kosa hilo linachekesha pia.

Ukisoma maneno hayohayo kama unavyosoma Kiswahili, karibu yote yanatoka sawa. Irabu ni zilezile tano: a, e, i, o, u. "Sh", "ch", "j", "w" na "y" zinasikika kama zetu. Silabi nyingi huishia kwa irabu, kama katika Kiswahili, Kiluba na Kitabwa.

Kuna zaidi. Katika Kiswahili cha Katanga ya zamani, ambayo jimbo la Tanganyika lilitoka mwaka 2015, wapo wanaosema "shiku" badala ya "siku", na wengine huchanganya "r" na "l". Shuleni huambiwa wanakosea. Kijapani chenyewe kwa kawaida hakina silabi "si", kina "shi". Na "r" ya "rei", neno la kuinama kwa heshima, iko katikati ya "r" na "l".

Cha kuangalia ni konsonanti mbili. Katika "ikkyo", "matte" na "ippon" mtu anasimama kidogo kabla ya kuendelea. Bila kusimama, "matte" ya refa inageuka mate ya mdomoni.

Neno moja, mafunzo mawili

Majina marefu yanatisha, lakini yamejengwa kwa vipande. "Kotegaeshi" ni "kote", kifundo cha mkono, na "gaeshi", kugeuza. "Shihonage" ni "shi", nne, "ho", upande, na "nage": kutupa kwa pande nne. "Ikkyo" ni funzo la kwanza, "nikyo" la pili, "sankyo" la tatu. Anayejua kuhesabu ichi, ni, san, shi, go, amekwisha kupata nusu ya orodha.

"Kata" nalo lina mitego yake. Kwa Kiswahili ni amri ya kisu. Kwa Kijapani linaweza kuwa mfululizo wa mbinu uliopangwa, au bega: "kata-dori" ni kushika bega la mwenzako. Mbele ya wanafunzi wenye visu vya mbao mikononi, ni vizuri maana ijulikane kabla ya amri.

Kwa hiyo dakika kumi za siku ya kwanza zinatosha kwa maneno machache tu: hajime, yame, rei, ukemi, uke na uchi. Mwalimu anayeyataja mwenyewe, akaeleza maana ya Kijapani na kukubali wazi kwamba kwa Kiswahili yanachekesha, anawaacha wote wacheke mara moja, wavulana na wasichana pamoja. Baada ya hapo, akisema "uke", kila mmoja anajua kazi yake: kushambulia, kupokea, kuanguka vizuri, kisha kusimama tena.