MTOTO ANAYETAFUNA KWA SHIDA

Mama wengi wa Lubunga huleta watoto kwa mganga kwa sababu ya homa, kuhara au minyoo. Ni wachache sana wanaomleta mtoto na kusema, "Huyu anakula polepole mno." Nyumbani wanamgombeza tu. Wenzake wamekwisha kunawa mikono, naye bado ana tonge shavuni. Nyama anaitoa mdomoni na kuiweka kando ya sahani. Wanamwita mvivu, au wanasema anachagua chakula.

Ndugu msomaji, kabla ya kumgombeza mtoto wa namna hiyo, mfungue kinywa utazame. Pengine ana jino lililooza. Pengine meno yake ya juu na ya chini hayakutani vizuri. Habari hii ya pili ndiyo tunayotaka kueleza hapa, kwa kuwa wazazi wengi hawajaisikia.

MENO YANA KAZI GANI?

Meno ya mbele hukata, kama kisu. Meno ya chonge hushika na kurarua. Magego ya nyuma husaga, kama kinu na mchi. Mate huchanganyika na chakula, na ndani ya mate mna kitu kinachoanza kuvunja wanga wa muhogo na ndizi kabla haujafika tumboni. Ulimi na mashavu husukuma chakula juu ya magego, mara huku, mara huku.

Fikiri juu ya mchi usiofika ndani ya kinu. Mama atatwanga mpaka jioni, na sombe haitalainika. Ndivyo ilivyo kwa magego yasiyogusana. Nguvu ya mtoto ipo, lakini chakula hakisagiki.

Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Manly na Braley, walitafuta njia ya kupima jambo hili. Walitumia karanga, chakula tunachokijua sisi sote. Mtu hutafuna karanga kwa hesabu, kisha huzitema, nazo hupitishwa katika chekeche. Zilizopita ni zile zilizosagika vema. Zilizobaki juu ni vipande vikubwa. Tangu wakati huo wataalamu wengi wamepima watu wazima na watoto kwa njia zinazofanana na hiyo. Wameona kwamba jambo kubwa ni kugusana kwa magego. Magego yakigusana mahali pengi, chakula husagika upesi. Yakigusana mahali pachache, mtoto hutafuna mara nyingi zaidi, au humeza vipande vikubwa.

Hatusemi kwamba kila mtoto mwenye meno ya kupinda atakonda. Hapana. Mwili una akili ya kujisaidia, na tumbo hufanya kazi kubwa. Watoto wengi wa namna hii wana afya njema. Lakini wako wanaoacha vyakula vigumu bila kusema neno: nyama, karanga, mahindi ya kuchoma. Wanabaki na vyakula laini tu. Kama vyakula hivyo laini ni muhogo na kwanga peke yake, basi mtoto anakosa chakula cha kujenga mwili. Hapo ndipo hatari ilipo.

NAMNA ZA MENO YASIYOKUTANA

Katika kinywa kizuri, meno ya juu hufunika yale ya chini kidogo kwa nje, kama kifuniko cha sanduku. Magego ya juu hukaa juu ya magego ya chini. Lakini mara nyingine huwa hivi:

1. Meno yamebanana. Taya ni dogo na meno ni makubwa, basi yanapandana kama watu ndani ya mtumbwi uliojaa.

2. Meno ya juu yametokeza mbele mno. Mtoto hawezi kufunga midomo vizuri, na akianguka meno hayo huvunjika kwanza.

3. Taya la chini limepita la juu. Meno ya chini yako nje.

4. Mbele pako wazi. Mtoto anauma kwa magego, lakini meno ya mbele hayagusani. Hawezi kukata mkate wala nyama kwa meno ya mbele. Huipeleka pembeni na kuivuta. Katika uchunguzi wa watoto wa Dar es Salaam, hali hii imeonekana mara nyingi.

5. Magego yamepishana. Upande mmoja magego ya juu yameingia ndani ya yale ya chini. Taya husogea pembeni kila mtoto anapouma, na misuli hujifunza kutafuna kwa njia iliyopinda. Hii isiachwe miaka mingi, kwa sababu uso wa mtoto unakua, na taya lililozoea kwenda upande mmoja laweza kukua limepinda.

SHIDA HII INATOKA WAPI?

Nyingine ni ya ukoo. Mtoto hurithi taya la baba na meno ya mama. Hakuna mtu wa kulaumiwa, wala jirani wa kushtakiwa uchawi.

Nyingine inatoka kwa kunyonya kidole. Mtoto mchanga akinyonya kidole si neno. Lakini akiendelea mpaka meno ya ukubwa yanaota mbele, kidole husukuma meno ya juu nje na kuacha wazi katikati. Akiacha mapema, mara nyingi pengo hilo hujifunga lenyewe. Usimpake pilipili wala kumpiga. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono, na umsifu siku anapoacha.

Nyingine inatoka kwa kupumua kwa mdomo. Mtoto ambaye pua yake imeziba daima, anayekoroma usiku, amwone mganga.

Na nyingine inatokana na kung'olewa meno ya utoto mapema. Hapa tukae kidogo, kwa sababu sisi wazazi tunaweza kuzuia jambo hili.

USIDHARAU MENO YA UTOTO

Meno ya utoto ni 20. Watu husema, "Yataanguka tu, ya nini kuyatunza?" Lakini kila jino la utoto linalinda nafasi ya jino litakalokuja. Gego la utoto likioza na kung'olewa mtoto akiwa na miaka 5 au 6, gego la nyuma husogea mbele na kukaa mahali pasipo pake. Baada ya miaka kadhaa jino la ukubwa linataka kutoka, nalo linakuta kiti kimekaliwa. Litatokea pembeni, au halitatokea kabisa. Kwa hiyo mganga akisema jino la utoto lizibwe badala ya kung'olewa, mkubalie. Na kama lazima ling'olewe, mwulize kama nafasi yake yaweza kulindwa kwa waya mdogo.

Tena kuna gego moja linalodanganya wazazi wengi. Mtoto akifika karibu miaka 6, gego la kwanza la ukubwa huota nyuma ya magego ya utoto. Halingoji jino lingine lianguke. Mama huliona likioza na kusema, "Ni la utoto." Sivyo! Hilo ndilo gego lake la maisha yote, tena ndilo linaloongoza meno mengine namna ya kukutana. Litunze kuliko yote.

Katika Uganda na Tanzania wako watu wanaopasua ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara, wakatoa chipukizi la chonge. Uganda huita ugonjwa huo ebinyo. Tanzania watu wamesema ni meno ya plastiki. Kile kitu cheupe wanachokitoa ni jino changa ambalo halijawa gumu. Homa haiponi. Mtoto hupoteza damu, huweza kuingiwa na wadudu wa ugonjwa kutoka chombo kichafu, na wako waliokufa. Aliyepona huweza kukua bila chonge, na meno yake husogea upande. Mtu yeyote akikuletea shauri hilo, mchukue mtoto upesi kwa mganga atibiwe kuhara au homa yake.

Neno jingine la zamani ni habari ya kigego. Pwani ya Waswahili, na kwa makabila mengi ya bara, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliogopwa kama mkosi. Wengine walitupwa au kuuawa. Ndugu, meno ya juu kutangulia hakuna maana yoyote. Mtoto wa namna hiyo ni mtoto kama wengine, na meno ya chini yatafuata.

MATENGENEZO YA MENO

Watu huuliza, "Jino limeshikwa na mfupa. Litasogezwaje?" Mfupa ni kitu chenye uhai. Jino likisukumwa polepole, kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa mbele yake hupungua na mfupa mpya hujengwa nyuma yake. Mganga wa meno hutumia bamba linalovaliwa kinywani, au waya uliounganishwa na meno. Kazi hii haina haraka. Mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu, hata miaka miwili na zaidi.

Kwa magego yaliyopishana, mganga aweza kutumia bamba lenye skrubu katikati ya kaakaa. Skrubu hufunguliwa kidogo kidogo, na kaakaa hupanuka. Hii hufanyika vizuri kwa mtoto, kwa kuwa kiungo cha katikati ya kaakaa hakijakaza. Kwa mtu mzima ni vigumu zaidi. Basi mtoto aonwe mapema, miaka 7 hivi, hata kama mganga atasema, "Tungoje kwanza."

Mnakumbuka habari ya Yakusu, chini ya mto. Mganga Chesterman alipofika mwaka 1920, malale iliua watu wengi. Hakukaa kungoja waliokwisha kuanguka. Waganga na wasaidizi wao waliwafuata watu vijijini kutafuta ugonjwa mapema. Meno si malale, lakini hekima ni ile ile. Aonaye mapema hufanya kazi nyepesi.

JE, MTOTO ATATAFUNA VIZURI SIKU ILE ILE?

La. Mzazi ajue hili, asije akakata tamaa na kutoa waya. Saa chache baada ya waya kukazwa, meno huanza kuuma. Kesho yake huuma zaidi, kisha maumivu hupungua, na kwa kawaida huisha ndani ya juma moja. Siku hizo mtoto hauma kwa nguvu na hutafuna vibaya kuliko zamani. Mpe lituma laini, uji, maharagwe yaliyoiva sana, sombe, mayai, papai, na samaki aliyetolewa miiba yote. Asitafune miwa, mifupa, karanga ngumu wala mahindi ya kuchoma, maana vitavunja waya. Apige mswaki kila baada ya chakula, kwa sababu chakula hujificha katika waya na kuozesha meno.

Matengenezo yakiisha na magego yakagusana, nguvu ya kutafuna hurudi, na kwa wengi huzidi ile ya kwanza. Lakini misuli ina mazoea yake. Mtoto aliyetafuna upande mmoja miaka mingi huenda akaendelea hivyo hata baada ya meno kunyooka. Mfundishe: tonge moja kuume, tonge moja kushoto. Tena avae bamba la kushikilia meno kama mganga alivyoagiza, la sivyo meno hurudi yalikotoka.

KAMA HUNA FEDHA

Tunajua kwamba waganga wa kunyoosha meno ni wachache katika Kongo, na kazi yao ina gharama. Mtu wa Lubunga lazima avuke mto, na pengine atume habari mpaka Kinshasa. Usihuzunike. Yako mengi ya kufanya nyumbani. Meno yaliyooza yatibiwe kwanza, maana mtoto mwenye maumivu hatafuni hata kama meno yake yamenyooka. Nyama ikatwe vipande vidogo na ipikwe sana. Karanga zisagwe na kutiwa katika sombe. Mtoto apewe nafasi ya kula bila kuharakishwa, na wakubwa wasimalize mboga kabla yake.

Wala usimpe mtu wa sokoni ruhusa ya kufunga meno ya mtoto kwa uzi, waya au mpira. Mpira mdogo ukiteleza chini ya ufizi huenda mpaka kwenye mzizi, na jino zima huanguka.

JARIBIO LA NYUMBANI

Mtoto akifika miaka 7, nawa mikono, mketishe penye mwanga, mwambie aume kwa magego. Inua midomo yake utazame mbele, kuume na kushoto. Je, mbele pako wazi? Je, taya linasogea pembeni? Kisha mpe kipande cha nyama iliyoiva. Je, anaweza kukikata kwa meno ya mbele? Je, anatafuna upande mmoja tu? Je, anameza bila kusaga?

Ukiona moja la mambo haya, mpeleke kwa mganga au msaidizi wake, na umweleze yote uliyoyaona mezani. Na jioni ile, mtoto akibaki nyuma na tonge lake, mwache amalize kwa amani.