Ng'ombe huuzwa mara moja, mwanafunzi hula kila siku: kupanga bajeti ya mtoto anayesoma nje ya nchi

Habari hii huanza kwa furaha. Mtoto wa Nyambureti, Kenyamonta au Nyamongo amepata barua ya kujiunga na chuo nje ya nchi. Ndugu wanakutana, ng'ombe wanapelekwa mnadani, ada ya muhula wa kwanza inalipwa, na kijana anapanda basi kuelekea Sirari na sanduku lake. Miezi mitatu baadaye ujumbe unaingia kwenye simu ya baba: "Shikamoo baba. Hela imeisha."

Baba anashangaa. Ada si imeshalipwa? Kijana naye anaona aibu kueleza kwamba ada haijawahi kumlisha mtu.

Makala hii ni kwa ajili ya familia hizo. Tunaeleza gharama za kuishi ni zipi, zinahesabiwaje, na kwa nini mzazi wa kijijini anahitaji hesabu tofauti na ya mtu mwenye mshahara.

Safari hizi si mpya kwetu

Mkoa wa Mara umetoa wanafunzi wa nje tangu zamani. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alisoma Makerere mjini Kampala kuanzia 1943 hadi 1945, kisha akasoma Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Safari yake ya Edinburgh ililipiwa na ufadhili wa serikali.

Leo wengi wanaokwenda hawana mfadhili, na mlipaji ni familia. Ndani ya nchi kuna mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, lakini mikopo hiyo hutolewa zaidi kwa wanaosoma vyuo vya hapa Tanzania. Anayevuka mpaka kwa gharama zake asiitegemee katika hesabu yake.

Hata hivyo HESLB inatupa kipimo kizuri. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 300,000. Ukimpeleka mtoto wako mji wa ugenini, asikojua soko wala ndugu wa kumkaribisha chakula cha jioni, na ukamwekea shilingi 100,000 kwa mwezi, jiulize atawezaje kuishi kwa theluthi ya fedha hiyo.

Nchi nyingine hukufanyia hesabu

Baadhi ya nchi haziruhusu mwanafunzi kuingia mpaka aonyeshe fedha za kuishi, mbali na ada. Uingereza, kwa viwango vilivyoanza Januari 2025, ilitaka pauni 1,483 kwa kila mwezi kwa anayesoma London, na pauni 1,136 kwa anayesoma nje ya London, kwa muda usiozidi miezi 9. Kwa anayesoma nje ya London miezi yote 9, hiyo ni pauni 10,224, na fedha hizo zinatakiwa ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia cha mwaka wako.

Ujerumani ina utaratibu wa kujifunza. Tangu Septemba 2024, mwanafunzi wa kigeni anayejilipia huweka euro 11,904 za mwaka mzima kwenye akaunti iliyozuiwa. Fedha ni zake, lakini hawezi kuzitoa zote kwa siku moja. Akifika, akaunti humpa euro 992 kila mwezi, basi. Wajerumani wanajua kwamba kijana wa miaka 20 akipewa fedha ya mwaka mzima mkononi, mwezi wa nne atakuwa hana kitu.

Wanaopata ufadhili kamili wa serikali ya China wana hali nyingine. Ada na malazi hulipwa na mfadhili, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa posho ya yuan 2,500 kwa mwezi. Lakini hata hapo uliza: nauli ya ndege nani analipa? Na atakula nini kabla posho ya kwanza haijaingia?

Anayekwenda Uganda au Kenya hadaiwi ushahidi wa fedha kama huo wa Uingereza au Ujerumani. Hilo ni nafuu kwa familia, lakini pia ni mtego. Kwa kuwa hakuna anayekulazimisha kuhesabu, wengi hawahesabu.

Gawa gharama katika mafungu matatu

Tuchukue anayekwenda Kampala, kwa sababu ni karibu na watoto wengi wa Kanda ya Ziwa husoma huko.

Fungu la kwanza ni gharama za mara moja. Hapa kuna pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, godoro, shuka, ndoo, jiko, sufuria na laini ya simu ya huko. Mwezi wa kwanza huwa mzito kuliko yote, na wengi husahau kuuhesabu peke yake.

Fungu la pili ni gharama za kila muhula. Hapa kuna hosteli, ambayo mara nyingi hulipwa ya muhula mzima kwa mkupuo, michango midogo ya chuo isiyotajwa kwenye ada kuu, na nauli ya kwenda na kurudi, iwe kwa njia ya Sirari, Kisumu na Busia, au kwa kuzunguka Mwanza, Bukoba na Mutukula.

Fungu la tatu ni gharama za kila mwezi, yaani chakula, bodaboda au daladala, intaneti, fotokopi, sabuni na dawa. Kwa binti ongeza mahitaji yake ya kila mwezi. Msiache kuyaandika kwa kuona aibu.

Sasa tuweke tarakimu. Hizi ni za mfano tu, ili uone njia. Za kweli mtazipata kwa kuuliza wanafunzi walioko huko. Tuseme matumizi ya mwezi ni shilingi 300,000 za Tanzania, kwa miezi 10 ya masomo. Hiyo ni 3,000,000. Hosteli 600,000 kwa muhula, mihula miwili, 1,200,000. Nauli 100,000 kwa kila safari, safari nne, 400,000. Vitu vya kuanzia 500,000. Akiba ya dharura ya mwezi mmoja, 300,000.

Jumla ni shilingi 5,400,000 kwa mwaka wa kwanza, bila ada.

Kwa wafugaji tuiseme kwa lugha ya zizi. Kama ng'ombe mmoja anauzwa shilingi 700,000, hao ni karibu ng'ombe 8. Shahada ya miaka mitatu, ukitoa vitu vya kuanzia na akiba kwa miaka miwili inayofuata, inafika shilingi 14,600,000, yaani karibu ng'ombe 21. Familia yenye ng'ombe 12 iijue tarakimu hiyo kabla ya kuuza wa kwanza.

Kalenda ya shamba na kalenda ya chuo

Mwenye mshahara hupata kila mwezi na hutuma kila mwezi. Sisi tunapata kwa msimu. Pamba ina msimu wake, tumbaku ina wake, na mahindi yana wakati yanapokuwa na bei na wakati yanapokuwa hayana.

Vyuo vingi vya Uganda huanza mwaka wa masomo Agosti au Septemba. Hapo familia ina nafuu, kwa sababu mavuno yametoka na malipo ya pamba kupitia AMCOS yameingia au yako njiani. Mtoto anaondoka vizuri. Muhula wa pili huanza Januari au Februari, na Januari ndiyo mwezi ule ambao wadogo zake wanarudi shule, sare na madaftari vinatakiwa, sikukuu zimekula kilichobaki, na ghalani hakuna ziada. Ndipo hosteli inadaiwa tena.

Mzazi asiyejiandaa huuza ng'ombe Januari kwa bei yoyote. Mnunuzi akijua una shida, hupandishi bei wewe.

Kwa hiyo hosteli ya muhula wa pili iwekwe kando kati ya Juni na Septemba, fedha ikiwepo. Iweke benki kupitia wakala, au kwenye kikundi chenu cha VICOBA ambacho mgawo wake unafika kabla ya Januari. Fanyeni kama ile akaunti ya Ujerumani: fedha ya mwaka ikusanywe msimu wa mavuno, halafu itoke kidogo kidogo kila mwezi. Haihitaji benki ya Ulaya. Inahitaji daftari, na mtu mmoja katika familia ambaye hakopesheki kirahisi.

Fedha hupungua njiani

Kuna njia tatu ambazo fedha hupungua kabla ya kumfikia mwanafunzi.

Ya kwanza ni kushuka kwa shilingi yetu. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Mwanafunzi anayehitaji dola 150 kwa mwezi alitoka kwenye 345,000 hadi 390,000, bila kuongeza hata sahani moja ya chakula. Kwa miezi 10 tofauti ni 450,000. Ikiwa gharama za mwanao ziko kwa dola, ongeza kitu juu ya bajeti kwa ajili ya hilo.

Ya pili ni makato ya kutuma. Kampuni za simu na benki hutuma fedha hadi Kenya na Uganda. Usiangalie makato peke yake, angalia pia kiwango cha kubadilishia, kwa sababu huduma yenye makato madogo inaweza kukupunja kwenye kiwango. Swali la kuuliza ni moja: nikituma shilingi 100,000, mtoto atapokea ngapi mkononi?

Ya tatu ni kuchanganya shilingi. Shilingi moja ya Tanzania hununua zaidi ya shilingi moja ya Uganda, kwa hiyo tarakimu za Kampala huonekana kubwa. Mzazi akisikia "hosteli milioni moja" anashtuka bure, na kijana akipokea fedha nyingi kwa kuhesabu anajiona tajiri. Kila mnapozungumza kuhusu fedha, semeni ni ya nchi gani.

Usiweke kibarua kwenye hesabu

Wapo mawakala wanaowaambia wazazi: "Akifika atafanya kazi, atajilipia." Tahadhari na maneno hayo. Kibali cha mwanafunzi ni cha kusoma. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani huruhusu siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Kwa nchi jirani, uliza sharti la kibali chake kabla hajaondoka. Kazi ikipatikana iwe nyongeza, isiwe nguzo ya bajeti.

Kabla hamjamlipa wakala yeyote, ulizeni pia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa. Hakuna bajeti inayoweza kuokoa cheti kisichotambuliwa.

Zungumzeni kabla ya kuuza

Hela ikiisha ugenini, mwanafunzi hana njia nyingi. Wengine hula mlo mmoja, wengine hukopa, wengine huacha mitihani kwa sababu ya deni. Binti asiye na kodi anaweza kujikuta mikononi mwa mtu anayejitolea "kumsaidia". Wengi hawasemi nyumbani, kwa sababu wanajua ni ng'ombe wangapi walitoka zizini.

Kwa hiyo kabla ya mnada, kaeni chini baba, mama na mtoto mwenyewe, na kalamu na daftari. Mtoto aandike mafungu yake matatu. Ampigie simu mwanafunzi aliyeko huko, aulize bei ya hosteli, ya sahani ya posho na maharage, ya nauli ya kwenda darasani. Baba na mama waandike fedha inaingia mwezi gani. Halafu wekeni karatasi mbili pamoja, mwezi kwa mwezi, muone panapopishana.

Mkiona pengo ni kubwa, kuahirisha mwaka mmoja ili kukusanya, au kuchagua chuo cha hapa nchini chenye mkopo, si kushindwa. Ni nafuu kuliko kumrudisha mtoto mwaka wa pili bila cheti na zizi likiwa tupu.

Na mkikubaliana kwamba anakwenda, mwambieni jambo moja siku ya kuondoka: hela ikikaribia kuisha aseme mapema, ikiwa bado imebaki ya wiki mbili, asingoje iishe. Wiki mbili zinamtosha mzazi kufika mnadani na kungoja bei nzuri.