The Burnt Orange Heresy (filamu)

The Burnt Orange Heresy ni filamu ya taharuki ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Giuseppe Capotondi kutoka Italia. Inahusu mhakiki wa sanaa anayeiba, kughushi na hatimaye kuua ili apate mchoro mmoja tu wa mchoraji mashuhuri. Waigizaji wakuu ni Claes Bang wa Denmark, Elizabeth Debicki wa Australia, Donald Sutherland wa Kanada na Mick Jagger, mwimbaji wa kundi la Rolling Stones la Uingereza. Lugha yake ni Kiingereza, na mswada wake uliandikwa na Scott B. Smith kutokana na riwaya yenye jina hilohilo ya Mmarekani Charles Willeford, iliyochapishwa mwaka 1971.

Kwa Kiswahili jina la filamu lina maana ya "Uzushi wa Rangi ya Chungwa Iliyoungua". Kwa Kiingereza "chungwa lililoungua" ni jina la kawaida la rangi ya machungwa iliyokolea kuelekea hudhurungi, aina ambayo mchoraji huinunua dukani ndani ya kopo. Lakini katika hadithi hii moto unawashwa kweli, kwa hiyo jina lina maana mbili.

Hadithi

Maelezo yafuatayo yanafichua mwisho wa filamu.

James Figueras (Bang) ni mhakiki aliyewahi kuwa na matumaini makubwa, lakini sasa anaishi Milano kwa kuwahutubia watalii na kumeza vidonge. Filamu inaanza na mojawapo ya mihadhara hiyo. Anawaonyesha wasikilizaji mchoro usiopendeza sana, kisha anawasimulia maisha ya aliyeuchora: mtu aliyeteseka katika kambi za Wanazi. Wasikilizaji wanaguswa na kuanza kuuona mchoro kwa macho mengine. Ndipo anapowaambia kwamba hadithi yote ni ya uongo na kwamba mchoro ameuchora yeye mwenyewe. Mtazamaji anaweza kudhani huu ni mzaha wa kufungulia filamu, kumbe ndani yake mna kila kitu kitakachofuata.

Katika mhadhara huo anakutana na Berenice Hollis (Debicki), Mmarekani anayesema anatoka Duluth, Minnesota. Wanakuwa wapenzi na kwenda pamoja kwenye jumba la kifahari kando ya Ziwa Como, mali ya tajiri mkusanyaji wa sanaa Joseph Cassidy (Jagger). Cassidy ana siri: katika eneo lake anaishi Jerome Debney (Sutherland), mchoraji mzee aliyejificha kwa miaka mingi. Kazi zake ziliteketea kwa moto, na hakuna hata moja inayojulikana kuwa imebaki. Cassidy yuko tayari kumpa Figueras nafasi ya kumhoji Debney, jambo ambalo lingefufua jina lake. Kwa malipo, Figueras amletee mchoro mmoja wa mzee huyo kwa njia yoyote atakayoweza. Cassidy anajua pia mambo ya nyuma ya Figueras yasiyopendeza, kwa hiyo ombi hilo ni kama amri.

Debney anawapokea wageni kwa ukarimu, na anamwona Berenice kuwa mtu mkweli kuliko mwenzake. Figueras anapofanikiwa kuingia kwa siri katika karakana ya mzee, anakuta kanvasi tupu. Hakuna hata tone la rangi. Mchoraji anayesubiriwa na ulimwengu mzima hachori.

Mtu mwingine angeondoka au angeandika ukweli huo, ambao wenyewe ungekuwa habari kubwa. Figueras anachukua kanvasi moja, anaichoma moto karakana ili ushahidi upotee, kisha anapaka rangi kwa mkono wake mwenyewe na kuipa kazi hiyo jina la Debney. Berenice anagundua. Kwa kuwa yeye pekee anaweza kuthibitisha kwamba mchoro ni wa kughushi, Figueras anamuua na kuutupa mwili wake ziwani.

Mchoro unaonyeshwa hadharani na kusifiwa, na makala ya Figueras inampa umaarufu alioutaka. Katika hafla hiyo Cassidy anamwonyesha kitu kidogo ambacho wengine hawajakitilia maanani: kuna alama ya kidole katika rangi. Ni ya Berenice, aliyeugusa mchoro kabla haujakauka. Filamu haisemi Cassidy atafanya nini. Katika picha za mwisho tunaonyeshwa mchoro mdogo ambao Debney alimchorea Berenice kwa mkono wake; umebandikwa kwenye friji nyumbani kwa mama yake huko Marekani. Hiyo ndiyo kazi pekee ya kweli ya Debney, na hakuna mhakiki aliyewahi kuiona.

Taharuki yake

Filamu nyingi za mauaji humficha muuaji hadi mwisho. Hapa mtazamaji yuko karibu na muuaji tangu mwanzo, na swali si nani amefanya bali atafika wapi. Kila hatua ya Figueras ni ndogo na ina sababu inayoeleweka: anataka kazi, kisha anataka kuficha wizi, kisha uongo alioutunga unahitaji kulindwa. Berenice hauawi kwa chuki. Anauawa kwa sababu anajua, na kwa sababu mtu huyo amekwisha kuzoea kwamba maneno yake yana uzito kuliko kitu chenyewe.

Kanvasi tupu za Debney zinaweza kumshangaza msomaji asiyefuatilia sanaa ya karne ya 20, lakini hazikutoka hewani. Mwaka 1951 Mmarekani Robert Rauschenberg alitengeneza michoro iliyopakwa rangi nyeupe tupu. Mwaka 1958 Mfaransa Yves Klein aliwaalika watu katika jumba la maonyesho la Iris Clert mjini Paris, na ndani hakukuwa na mchoro hata mmoja. Kazi za namna hiyo hutegemea sana maelezo yanayoambatana nazo, na hapo ndipo mhakiki hupata nguvu.

Wala mhakiki kuutukuza mchoro wa uongo si jambo la kubuni tu. Mwaka 1937 Abraham Bredius, mtaalamu mkubwa wa sanaa ya Kiholanzi, aliusifu mchoro wa Kristo huko Emau kuwa kazi bora ya Johannes Vermeer. Ulinunuliwa kwa ajili ya Makumbusho ya Boijmans mjini Rotterdam. Mwaka 1945 Han van Meegeren alikiri kwamba aliuchora yeye. Tofauti ni kwamba Bredius alidanganywa, ilhali Figueras ni mhakiki na mghushi kwa pamoja.

Riwaya na filamu

Willeford (1919–1988) anajulikana zaidi kwa riwaya zake za uhalifu zinazotokea Florida, hasa Miami Blues ya mwaka 1984. The Burnt Orange Heresy pia ilitokea Florida, na mchoraji aliitwa Jacques Debierue. Figueras mwenyewe ndiye msimulizi, hivyo msomaji anafungiwa ndani ya kichwa cha mtu anayejisifu na kujitetea kurasa zote. Filamu haina sauti hiyo. Badala yake imehamishia mambo Italia, na Berenice amepewa akili na ucheshi zaidi, jambo linalofanya kifo chake kiwe kizito kukitazama.

Utayarishaji na mapokezi

Hii ni filamu ndefu ya pili ya Capotondi. Ya kwanza, La doppia ora ya mwaka 2009, ilimpatia Ksenia Rappoport tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika Tamasha la Filamu la Venice. Smith alikwisha kuteuliwa kugombea Oscar kwa mswada wa A Simple Plan (1998), hadithi nyingine ya watu wa kawaida wanaotumbukia katika mauaji hatua kwa hatua. Bang naye alikuwa ameigiza msimamizi wa makumbusho ya sanaa katika The Square, filamu ya Uswidi iliyoshinda Palme d'Or mwaka 2017. Kwa Jagger, hii ilikuwa mara ya kwanza kupata nafasi muhimu ya kuigiza katika filamu ya hadithi tangu The Man from Elysian Fields ya mwaka 2001.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2019 ikiwa filamu ya kufungia Tamasha la Venice. Nchini Marekani ilianza kuonyeshwa Machi 2020, siku chache kabla ya kumbi za sinema kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ikarudishwa Agosti mwaka huohuo. Wahakiki walitofautiana. Wengi waliwasifu Debicki na Jagger, ambaye anaonekana kwa muda mfupi tu, lakini baadhi waliona kwamba sehemu ya mwisho inakwenda haraka mno ikilinganishwa na mazungumzo marefu ya mwanzoni.