Kikosi cha Zaire katika Kombe la Dunia la 1974

Kikosi cha Zaire katika Kombe la Dunia la 1974 kilikuwa na wachezaji 22 walioiwakilisha nchi hiyo (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) katika fainali zilizofanyika Ujerumani Magharibi. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Kabla yake nchi za Afrika zilizowahi kushiriki ni Misri mwaka 1934 na Moroko mwaka 1970. Zaire ilicheza mechi tatu, ikashindwa zote, ikafungwa mabao 14 na haikupata hata bao moja.

Watu wengi wanaikumbuka timu hii kwa tukio moja tu, yaani beki aliyetoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu uliokuwa wa Brazil. Filamu fupi ya tukio hilo imeonyeshwa mara nyingi kama kichekesho, na watangazaji kadhaa wa Ulaya walisema kwamba Waafrika hawa hawakujua sheria za mchezo. Anayesoma orodha ya wachezaji ataona haraka kwamba maelezo hayo hayawezi kuwa kweli. Wanaume hao walikuwa mabingwa wa Afrika, na baadhi yao walikuwa wameshinda kila kombe lililokuwepo barani.

Jinsi timu ilivyojengwa

Kongo ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Ethiopia. Katika ngazi ya klabu, Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968. AS Vita Club ya Kinshasa ilichukua kombe hilo mwaka 1973. Rais Mobutu Sese Seko aliiona timu ya taifa kama chombo cha kuitangaza nchi, na katikati ya miaka ya 1960 serikali yake iliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa wakicheza Ubelgiji. Mwaka 1971 nchi ilibadilishwa jina kuwa Zaire. Timu ikaitwa Chui, na jezi zake zilikuwa na kichwa cha chui kifuani.

Kocha alikuwa Blagoje Vidinić kutoka Yugoslavia. Enzi zake za uchezaji alikuwa golikipa, na alipata medali ya dhahabu na timu ya nchi yake katika Olimpiki ya 1960. Ndiye pia aliyekuwa kocha wa Moroko katika Kombe la Dunia la 1970.

Wakati huo Afrika nzima ilikuwa na nafasi moja tu. Hatua ya mwisho ya mchujo ilizikutanisha Zaire, Zambia na Moroko mwishoni mwa 1973. Zaire iliifunga Zambia 2-0 ugenini Lusaka na 2-1 Kinshasa, kisha ikaifunga Moroko 3-0 Kinshasa. Moroko ililalamikia uamuzi wa refa katika mechi hiyo na ikakataa kucheza ya marudiano, lakini nafasi ilikuwa tayari ya Zaire.

Miezi mitatu kabla ya Kombe la Dunia, timu ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Katika nusu fainali iliwatoa wenyeji 3-2 baada ya kutangulia kufungwa mabao mawili. Fainali dhidi ya Zambia ilimalizika 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi 1974, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Jumla yake katika mashindano ilikuwa mabao 9, na hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika fainali moja za Kombe la Mataifa ya Afrika tangu hapo.

Wachezaji

Kila nchi iliruhusiwa kusajili wachezaji 22. (Idadi hiyo iliongezwa kuwa 23 mwaka 2002 na 26 mwaka 2022.) Wote 22 wa Zaire walitoka katika klabu za nyumbani, na walio wengi walitoka TP Mazembe na Vita Club.

Mazembe ilitoa uti wa mgongo wa ulinzi: golikipa Kazadi Mwamba, na mabeki Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo na Bwanga Tshimen. Bwanga alikuwa amechaguliwa mwanasoka bora wa Afrika wa mwaka 1973. Klabu hii ni ya Lubumbashi, katika Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani na uwanjani. Kutoka Vita Club walikuwemo beki Lobilo Boba, golikipa wa akiba Tubilandu Ndimbi, viungo Kibonge Mafu na Mavuba Mafuila, pamoja na washambuliaji Kembo Uba Kembo, Mayanga Maku na Ndaye Mulamba. Nahodha Kidumu Mantantu na winga Kakoko Etepe walitoka klabu nyingine ya Kinshasa, Imana, ambayo siku hizi huitwa Daring Club Motema Pembe. Kakoko alikuja kucheza soka la kulipwa Ujerumani miaka kadhaa baadaye.

Msomaji anayetafuta habari zaidi za wachezaji hawa ajihadhari na majina. Mwaka 1972, katika siasa ya Mobutu ya kurudia uasilia, raia waliamriwa kuacha majina ya Kikristo. Wachezaji walisajiliwa kwa majina ya Kiafrika matupu, na waandishi wa Ulaya hawakujua lipi litangulie. Ndiyo maana mtu yuleyule huitwa Mwepu Ilunga katika kitabu kimoja na Ilunga Mwepu katika kingine, au Ndaye Mulamba na Mulamba Ndaye. Hao si watu wanne, ni wawili.

Uskoti na Yugoslavia

Zaire ilipangwa kundi moja na Uskoti, Yugoslavia na Brazil, bingwa mtetezi. Mechi ya kwanza ilichezwa Dortmund tarehe 14 Juni. Uskoti ilishinda 2-0 kwa mabao ya Peter Lorimer na Joe Jordan, yote ya kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili Zaire haikufungwa tena. Kwa timu inayoshiriki mara ya kwanza, matokeo hayo hayakuwa ya aibu.

Kilichofuata hakikuanzia uwanjani. Baada ya ushindi wa Misri kila mchezaji alikuwa amepewa nyumba na gari, na walitarajia kulipwa fedha za Kombe la Dunia pia. Mwepu alieleza katika mahojiano ya baadaye kwamba kabla ya mechi ya pili waligundua hawatalipwa chochote, kwa sababu fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwa viongozi waliofuatana na timu. Wachezaji walikataa kucheza, kisha wakashawishiwa kuingia uwanjani.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia ilipata mabao matatu katika dakika 18 za kwanza. Vidinić akamtoa golikipa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Mara tu alipoingia, lilifungwa bao la nne. Wachezaji wa Zaire walimzunguka refa, Omar Delgado wa Kolombia, wakidai bao hilo si halali, na mmoja wao akampiga teke kwa nyuma. Refa alipogeuka alimtoa Ndaye kwa kadi nyekundu. Aliyepiga teke ni Mwepu. Basi Zaire ilicheza zaidi ya saa nzima ikiwa na watu kumi, bila mfungaji wake bora, kwa kosa ambalo hakulifanya. Mechi ilikwisha 9-0, moja ya vipigo vikubwa kabisa katika historia ya Kombe la Dunia.

Kwa kuwa Vidinić alikuwa Myugoslavia, wengi walimshuku kuwa amewauza wachezaji wake kwa ndugu zake. Inasimuliwa pia kwamba agizo la kumtoa Kazadi lilitoka kwa afisa wa serikali aliyekuwa na msafara. Lakini matokeo ya namna hii hayahitaji hila ya kocha ili yaeleweke. Timu ambayo asubuhi ilikuwa imegoma, na ambayo baada ya dakika 22 ina watu kumi na golikipa wa akiba, ingefungwa na yeyote mwenye nguvu.

Brazil na mpira wa adhabu

Kabla ya mechi ya mwisho hali ya kundi ilikuwa hivi. Brazil ilikuwa imetoka sare 0-0 na Yugoslavia na 0-0 na Uskoti. Yugoslavia na Uskoti walikutana siku ileile Frankfurt, wakatoka sare 1-1, na kila mmoja akafikisha pointi nne. Brazil nayo ingefikisha pointi nne ikiifunga Zaire, na hapo tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Uskoti ilikuwa na tofauti ya mabao mawili, kwa hiyo Brazil ilihitaji kushinda kwa matatu. Kwa maneno mengine, nani abaki na nani aondoke kuliamuliwa na idadi ya mabao ambayo kila mmoja aliifunga Zaire: Yugoslavia tisa, Brazil tatu, Uskoti mawili. Uskoti ilirudi nyumbani bila kufungwa mechi hata moja.

Zaire nayo ilikuwa na hesabu yake. Mwepu alisimulia kwamba baada ya kipigo cha Yugoslavia walinzi wa rais walifika hotelini, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa 4-0 na Brazil, asiwepo wa kurudi nyumbani.

Mechi ilichezwa Gelsenkirchen tarehe 22 Juni. Jairzinho alifunga dakika ya 12, na kwa zaidi ya dakika 50 Brazil haikupata bao jingine. Rivelino aliongeza la pili dakika ya 66. La tatu, dakika ya 79, lilikuwa shuti la Valdomiro kutoka pembeni lililompita Kazadi, aliyekuwa amerudishwa golini. Matokeo yakawa 3-0. Bao moja zaidi lingefikia kiwango walichotishiwa.

Dakika chache kabla ya mwisho Brazil ilipata mpira wa adhabu karibu na lango. Wabrazili walikuwa bado wanajipanga na refa, Nicolae Rainea wa Romania, amepuliza filimbi, ndipo Mwepu alipochomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mbali. Alipewa kadi ya njano.

Maelezo yake mwenyewe hayakuwa sawa kila mara. Mara alisema alikusudia kupoteza muda. Mara nyingine alisema alitaka atolewe nje kwa makusudi, kwa vile hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani huku waliokula fedha wamekaa jukwaani. Maelezo yote mawili yana jambo moja linalofanana: alijua anachofanya. Beki wa timu iliyoshinda makombe hayo yote alikuwa ameshasimama kwenye ukuta wa mpira wa adhabu mamia ya mara.

Baada ya 1974

Timu iliporudi Kinshasa haikupokewa kwa shangwe. Macho ya serikali yalikwisha kuhamia kwenye pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, lililofanyika jijini humo tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo. Wengi wa wachezaji waliishi maisha ya dhiki. Kazadi alifariki mwaka 1996, Mwepu mwaka 2015.

Mavuba Mafuila alifariki katika miaka ya 1990. Mwanawe Rio alizaliwa mwaka 1984 baharini, ndani ya chombo, wazazi wake wakikimbia vita vya Angola. Miaka 40 kamili baada ya baba yake, Rio Mavuba naye aliandikwa katika orodha ya Kombe la Dunia, safari hii ya Ufaransa, katika fainali za 2014 nchini Brazil.

Ndaye Mulamba alialikwa mwaka 1994 kupewa heshima wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Aliporudi nyumbani majambazi walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini na kuishi Cape Town katika umaskini, akilinda magari ya watu kwenye maegesho. Mwaka 1998 zilienea habari kwamba amekufa, na katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso watu walisimama kimya dakika moja kumkumbuka. Alikuwa hai. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.